Jibu halipigiwi kura

Nawaandikia nyie mnaoingia kidato cha sita kwenye kombi zenye hisabati, yaani PCM (fizikia, kemia, hisabati), PGM (fizikia, jiografia, hisabati) na EGM (uchumi, jiografia, hisabati), hasa mlioko hapa Tabora mjini. Mwezi Mei mtatoka kwenye chumba cha mtihani wa Advansi (Advanced Mathematics) na kukuta duara la wenzenu limeshajipanga chini ya mwembe, kila mmoja anataja alichopata. Nimekaa na vijana wa masomo ya ziada muda wa kutosha kujua kwamba kinachowavuruga wengi katikati ya mitihani si pepa lenyewe. Ni ile saa moja ya baada ya pepa.

Mazungumzo yenyewe mnayajua. "La saba umepata ngapi?" "Sifuri nukta tisa tisa tisa nane." "Hata mimi." "Na mimi." Halafu kuna mmoja jibu lake ni lingine. Anauliza mara ya pili kuhakikisha amesikia vizuri, kisha anaaga. Jioni hasomi. Usiku usingizi haumjii. Kesho yake anakaa kwenye pepa la somo jingine kabisa huku akili yake imebaki kwenye swali la saba la jana.

Walimu wengi wana dawa moja kwa ugonjwa huu: ukitoka, usijadili pepa. Naelewa kwa nini wanasema hivyo, lakini darasa linalotii agizo hilo sijaliona. Mtu ametoka kukaa na hesabu saa tatu nzima, ni lazima atauliza. Kwa hiyo mimi siwaambii mnyamaze. Nawaambia mjifunze kulinganisha majibu jinsi hesabu zenyewe zinavyotaka, na mjifunze kuanzia sasa, kwenye majaribio ya darasani na kwenye mtihani wa utamilifu (mock) wa mkoa, wakati mtu akikosea hapotezi kitu.

Niwape kisa cha mtihani mmoja wa utamilifu. Swali lilitaka mzizi wa mlinganyo cos x = x kwa njia ya Newton-Raphson, ile ya kukadiria kwa kurudiarudia, hadi desimali nne. Jioni kikundi changu kilikutana Isevya. Watano walikuwa na 0.9998. Binti mmoja alikuwa na 0.7391. Watano dhidi ya mmoja, na kati ya hao watano yumo kipanga wa darasa, yule ambaye akisema jambo la hesabu wengine hufuta walichoandika. Binti akaniambia, "Kaka, hili basi, limeshakwenda na maji." Nikamwomba aandike hatua zake. Kila kitu kilikuwa sawa: ameweka f(x) = x − cos x, amedifarenshieti akapata 1 + sin x, ameanza na x = 1, akarudia mpaka namba zikatulia. Nikawaomba wale watano nao waandike. Hatua ni zile zile, kanuni ni ile ile.

Nikawaambia watoe kalkuleta mezani. Tano zilikuwa zimewekwa kwenye digrii. Ya binti ilikuwa kwenye radiani.

Wote sita walijua hesabu. Ila sin x ukiidifarenshieti unapata cos x pale tu x ikiwa kwenye radiani, na swali la namna hii likisema x bila alama ya digrii, linamaanisha radiani. Chukua 0.9998 kama radiani, ni karibu digrii 57.3, na kosaini yake ni kama 0.54. Hailingani na 0.9998 hata kidogo. Chukua 0.7391 kama radiani, utafute kosaini yake, inarudi 0.7391. Watano walikuwa wamekosea kwa pamoja, kwa sababu wiki nzima walikuwa wakifanya maswali ya pembetatu na hakuna aliyekumbuka kurudisha kalkuleta yake.

Ndiyo maana nasema jibu la hesabu halipigiwi kura. Watu wanaofundishwa na mwalimu mmoja, wanaosoma desa (notisi) moja, wanaoazimana kalkuleta, hukosea mahali pamoja. Wingi wao haukuhakikishii chochote. Lakini kwenye hesabu una bahati ambayo mwenzako wa HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) hana: karibu kila jibu unaweza kulipima wewe mwenyewe, bila kumuuliza mtu. Mzizi wa mlinganyo unaurudisha kwenye mlinganyo. Jibu la intigresheni unalidifarenshieti. Vekta uliyodai iko pembe mraba na nyingine unaizidisha nayo kwa njia ya nukta, isipotoka sifuri umekosea. Uwezekano ukizidi 1, rudi nyuma. Suluhisho la mlinganyo wa difarensho unaliingiza kwenye mlinganyo uone kama pande mbili zinakubaliana. Na kama mlivyoona kwenye kisa cha Isevya, kabla ya kupima hakikisha kipimo chenyewe kimekaa sawa. Wale watano wangerudisha 0.9998 kwenye kalkuleta zao zile zile, ingekubali vizuri tu.

Sasa kuna upande wa pili, na huu ndio unaolaza watu na mawazo bila sababu. Mara nyingi majibu mawili yanayoonekana tofauti ni jibu moja. Mfano wa kila mwaka ni intigresheni ya sin x cos x. Mmoja anaweka u = sin x, anapata ½ sin²x + C (C ni namba yoyote isiyobadilika). Mwingine anaweka u = cos x, anapata −½ cos²x + C. Wa tatu anakumbuka kwamba sin x cos x ni nusu ya sin 2x, anapata −¼ cos 2x + C. Wakikutana chini ya mwembe kila mmoja anaona wenzake wamepotea, au anaona amepotea yeye.

Wote watatu wamepata. Difarenshieti lolote kati ya hayo matatu, linakurudisha kwenye sin x cos x. Kama bado una wasiwasi, chukua namba. Kwenye x = 0, la kwanza bila C ni 0 na la pili ni −0.5, tofauti 0.5. Kwenye digrii 30, la kwanza ni 0.125 na la pili ni −0.375, tofauti ni ile ile 0.5. Tofauti isiyobadilika ndiyo inayomezwa na C. Na kama intigresheni ina mipaka, tuseme kutoka 0 hadi π/2, C haipo tena na wote watatu lazima waishie kwenye namba moja, nayo ni ½. Hapo ukipata tofauti, kweli kuna aliyeteleza. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenzako si "umepata ngapi" tu. Muulize, "Ulianza kwa kuweka nini?" Aliyesahau kuandika C ndiye mwenye sababu ya kujilaumu, kuliko aliyepata kosaini wakati wengine wamepata saini.

Mambo ya namna hii yako mengi kwenye silabasi yenu. Kwenye koodineti za pola, nukta (2, 30°) na (−2, 210°) ni mahali pamoja. Kwenye namba changamano, pembe ya 300° na ya −60° zinaelekea upande mmoja, ingawa swali likitaja mipaka ya pembe inabidi uifuate. Vekta za urefu wa 1 zilizo pembe mraba na vekta mbili ulizopewa ziko mbili, moja inaelekea huku na nyingine kinyume chake. Mwenzako akiwa na alama ya kutoa mahali ulipo na ya kujumlisha, msigombane kabla ya kulisoma swali upya.

Hata yale maswali ya kuchora grafu na kutafuta faida kubwa zaidi yana mtego huo. Tuseme wafugaji nyuki wa Sikonge wanafungasha asali ya aina mbili, x na y. Haziwezi kuzidi katoni 10 kwa pamoja, x haizidi 6, y haizidi 8, na kila katoni ya aina yoyote inaleta faida ya shilingi 2,000. Mmoja atakuja na katoni 6 za x na 4 za y. Mwingine atakuja na 2 za x na 8 za y. Wote wana faida ya shilingi 20,000, na hakuna kona nyingine inayozidi hapo, maana mstari wa faida umelala sambamba na mpaka mmoja wa grafu. Hata 4 na 6 inakubali. Nimeshuhudia vijana wakitoleana maneno kwa swali la aina hii, na wote walikuwa sahihi.

Kinyume chake pia kipo: jibu lililo karibu zaidi na ukweli linaweza kukosa alama. Mkiambiwa mkadirie intigresheni ya 1/(1 + x²) kutoka 0 hadi 1 kwa kanuni ya trapeziamu, vipande vinne, jibu ni 0.7828. Atakayetumia kanuni ya Simpson kwa vipande vile vile atapata 0.7854, ambayo ni karibu kabisa na thamani halisi, π/4. Atatamba chini ya mwembe kwamba lake limekubaliana na kalkuleta. Lakini swali lilisema trapeziamu. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha namba, linganisheni mlichoagizwa. Kama pepa lenyewe hamnalo mkononi na mnajadili swali la kukumbuka kichwani, mjadala huo uacheni, kwa sababu mtakuwa mnalinganisha majibu ya maswali mawili tofauti.

Jambo ambalo vijana wengi hawaliamini mpaka nilirudie mara nyingi ni hili: mnacholinganisha nje sicho kinachosahihishwa ndani. Kwenye maelekezo ya pepa la NECTA, yaani Baraza la Mitihani, imeandikwa kwamba kazi yote ya kujibu kila swali ionyeshwe waziwazi. Haikuandikwa kwa urembo. Msahihishaji ana mwongozo wenye alama za hatua, nyingine nusu nusu: kuandika kanuni, kuweka namba mahali pake, kurahisisha, kisha jibu. Mwenye jibu sahihi aliyeruka hatua anaweza kuwa na alama chache kuliko wewe uliyekosea kujumlisha kwenye mstari wa mwisho. Kwa hiyo unaposimama kwenye duara ukagundua namba yako ya mwisho siyo, hujapoteza swali zima. Huenda umepoteza alama moja, huenda mbili. Pepa la kwanza lina maswali kumi ya alama kumi kumi. Alama mbili zikienda, zimebaki 98 za kupigania, na nyingi tayari umeshaziandika.

Nawaomba pia mwe waangalifu na kipindi cha kati ya pepa la kwanza na la pili. Hayafanyiki siku moja, na nafasi hiyo ya katikati ni mali. Mada za pepa la kwanza zinajulikana: kalkuleta, fankisheni za haipaboliki, grafu za faida, takwimu, seti, fankisheni, njia za kukadiria, jiometri ya koodineti ya mwanzo, intigresheni na kudifarenshieti. Pepa la pili lina uwezekano, mantiki, vekta na namba changamano, maswali manne ya lazima yenye alama 15 kila moja. Halafu kuna trigonometria, aljebra, milinganyo ya difarensho na jiometri ya koodineti ya pili, ambapo unachagua maswali mawili kati ya manne, alama 20 kila moja. Siku mbili za kubishania takwimu za pepa la kwanza haziongezi hata nusu alama kwenye pepa la pili. Kitu kimoja tu cha kubeba kutoka kwenye lile duara ni kosa litakaloweza kujirudia. Kama umegundua kalkuleta yako ilikuwa kwenye digrii, au unakata desimali mapema katikati ya kazi, au intigresheni ya kubadili herufi imekushinda (hiyo utaihitaji tena kwenye milinganyo ya difarensho), liandike kosa hilo kwa mstari mmoja kwenye daftari ulifanyie mazoezi usiku huo. Mengine yaacheni hadi mmalize.

Wanaokaa bweni mna nafuu moja, simu haziko karibu. Wa kutwa, wale wa Ng'ambo, Kanyenye na Kiloleni, mtafika nyumbani mkute kwenye magrupu ya WhatsApp kuna picha ya majibu "yaliyohakikishwa", na chini yake mtu anasema swali la tano limekosewa na kila mtu atapewa alama za bure. Picha hiyo haina jina la aliyeifanya. Kwa kawaida ni mwanafunzi kama wewe, wa mkoa mwingine, ambaye naye amechoka. Ipitishe kwenye kipimo kile kile au usiifungue kabisa. Na mtu yeyote asikushawishi kuandika majibu kwenye kiganja au kwenye kikaratasi ndani ya chumba ili utoke nayo kulinganisha. Msimamizi akiona maandishi mkononi mwako hana namna ya kujua kama ulikuja nayo au uliyaandika humo, na hakuna mjadala wa chini ya mwembe wenye thamani ya matokeo yako kufutwa.

Wachache wenu mnaoomba vyuo vya Marekani mtakutana na SAT, na huko mambo ni tofauti kabisa. Mtihani ule sasa unafanyika kwenye kompyuta. Hesabu ni maswali 44 kwa dakika 70, yamegawanywa kwenye moduli mbili za maswali 22, na moduli ya pili inakuja ngumu zaidi au nyepesi zaidi kufuatana na ulivyoifanya ya kwanza. Wewe na jirani yako huenda hamkuona maswali yale yale hata kidogo, na College Board, wenye mtihani huo, wanakataza watahiniwa kusambaza maswali. Hatua haziangaliwi, ni jibu tu. Mwanafunzi aliyezoea mfumo wetu hushangaa hapo, kwa sababu kule mkono mzuri wa kuandika kazi haumwokoi. Lakini tabia ya kupima jibu lako mwenyewe inamfaa hata zaidi.

Kuhusu hofu ya chuo, niseme kwa ufupi maana hofu nyingi inatokana na kutojua hesabu zake. Kwenye matokeo ya kidato cha sita A inaanzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40, na S 35. Kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) cha kuingia shahada ya kwanza ni masomo mawili yaliyo kati ya A na E yanayohusiana na kozi, yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kozi zenye ushindani kama uhandisi zinataka zaidi ya hapo na zinataja masomo yenyewe, hisabati na fizikia zikiwemo. Lakini angalia umbali kati ya daraja na daraja, kutoka E hadi A: ni alama kumi. Swali moja la 0.9998 halikutoi kwenye D likakutupa nje ya chuo. Nimewaona waliolia baada ya pepa la kwanza, na Julai matokeo yalipotoka wakapangiwa kozi walizoomba. Nimewaona pia walioacha kusomea pepa la pili kwa sababu ya kulia huko, na hao ndio wanaoniuma zaidi, kwa kuwa alama 100 za pepa la pili zilikuwa bado ziko mezani hazijaguswa.

Nyie wa BAM (Basic Applied Mathematics) msijione wageni kwenye haya. Pepa lenu ni moja, mada ni nyepesi kidogo, na baadhi ya kozi za vyuo zinaangalia kama mna angalau S. Kupima jibu ni kule kule.

Kwenye kikundi chenu cha kusoma, anzeni hivi wiki hii. Mkimaliza zoezi, kila mmoja aweke daftari katikati likiwa wazi, hatua zionekane, kabla mtu hajataja jibu. Majibu yakitofautiana, mtu wa kwanza kuzungumza awe yule aliye peke yake, siyo kipanga. Aeleze alivyopita, wengine watafute mstari ambapo njia zimeachana. Wakishaupata, pimeni pande zote mbili. Hapo hata aliyekosea anaondoka anajua amekosea wapi, na aliyepata anajua kwa nini amepata, badala ya kupata kwa bahati. Kwenye tovuti ya NECTA zipo taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, bure, zenye picha za kazi halisi za waliofanya vizuri na waliovurunda. Chapeni ile ya Advansi ya mwaka mmoja, mchangiane gharama za kuchapa pale stendi, mlinganishe kazi zenu na zile. Anzeni na njia za kukadiria, halafu milinganyo ya difarensho, na kalkuleta zote ziwekwe kwenye radiani kabla hamjagusa swali la kwanza.